Mashine Iliyofundishwa na Mama Jumanne

Mnyambe, Newala
24 Februari 2024

Mpwa wangu Rahima,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia hata kabla hujafungua bahasha. Huku tupo tu. Mvua imesuasua, mahindi yamenyauka yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, lakini mihogo imesimama na mikorosho ina majani mazuri. Palizi imenimaliza. Jumanne bado yuko Mtwara na lori la watu, mkewe kajifungua mtoto wa kike. Mama Jumanne anakusalimu sana.

Utashangaa kupata karatasi zama hizi. Mwanangu, simu sitaki tena. Ukinipigia unazungumza, mimi naitikia "naam, naam," halafu unakata ukidhani tumeongea. Mara ya mwisho nilikujibu kwamba bei ya korosho mwaka huu si mbaya. Baadaye Jumanne akaniandikia ujumbe kwamba ulikuwa unanipa habari ya msiba wa rafiki yako. Niwie radhi. Nimekwenda hospitali, daktari akaniandikia kwenye karatasi kwamba mishipa ya masikio imekufa na kifaa cha kuvaa hakitanisaidia kitu. Hilo tuliache hapo.

Ninachotaka kukuuliza ni hiki. Nimesoma gazeti dukani kwa Halfani pale stendi ya Newala, kwamba siku hizi kompyuta inasikiliza mtu anavyosema na kuyaandika maneno yake papo hapo. Nikakumbuka kwamba hiyo ndiyo kazi yako huko chuoni. Watoto wangu wananiandikia, sina shida nao. Lakini Mama Jumanne hakusoma, na Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi. Nyumbani kwetu ni Chimakonde. Je, hiyo mashine yenu inajua Chimakonde?

Ukijibu, barua mpe kondakta wa basi la Newala, aiache kwa Halfani.

Mjomba wako,
Twahiru

*

Dar es Salaam
15 Aprili 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Idd njema ingawa imeshapita. Barua yako ilikaa kwa kondakta mwezi mzima, aliisahau chini ya kiti cha dereva, akaniletea ina alama ya kiatu. Mimi ni mzima, nimechoka tu. Joto la huku mwaka huu halina adabu, na ofisini kwetu umeme ukikatika mashine zote zinaanza kazi upya, nasi tunaanza nazo.

Nimesikitika kuhusu masikio. Nilikuwa nahisi, ila sikutaka kukuuliza.

Swali lako nitalijibu kwa ukweli: Kiswahili inakijua, tena vizuri. Kiingereza inakijua kuliko mimi. Chimakonde haikijui. Akili mnemba hizi zinajifunza kama mtoto mchanga, kwa kusikia sana, na sauti za Chimakonde zilizorekodiwa na kuandikwa ni chache mno. Lakini kuna njia mpya ambayo watafiti wengi wanaifuata sasa. Zamani kila sauti ilibidi iwe na maandishi yake. Siku hizi unaiachia mashine isikilize sauti tupu, nyingi, bila maandishi yoyote, ijizoeze mlio wa lugha. Kisha unaipa sehemu ndogo tu iliyoandikwa. Na zipo modeli ndogo, ndivyo tunavyoziita hizi mashine zilizofundishwa, zinazoweza kukaa ndani ya simu na kufanya kazi bila mtandao. Hiyo ndiyo ingekufaa wewe huko Mnyambe.

Nimeongea na mkuu wetu wa maabara, Cyril. Tuna mradi wa lugha za mikoani, na amekubali Chimakonde kiingizwe. Nitakuja mwezi wa sita kurekodi watu. Mwambie Mama Jumanne kwamba yeye ndiye nitakayeanza naye.

Mpwa wako,
Rahima

*

Mnyambe
20 Mei 2024

Rahima,

Marahaba. Njoo. Tumeanza kupuliza salfa kwenye mikorosho, kwa hiyo utanikuta mweupe kama niliyemwagiwa unga, usiogope. Baridi imeanza, beba sweta, ninyi wa pwani mkipanda huku juu mnatetemeka.

Mama Jumanne amekwenda Chilangala kwenye msiba wa upande wa kwao. Ukija atakuwa amerudi. Asiporudi, rekodi wengine, watu wa kusema hawakosekani.

Umesema mashine inasikiliza sauti tupu bila maandishi mpaka inazoea. Mimi nimekaa mwaka mzima natazama midomo tupu na sijazoea.

Twahiru

*

Dar es Salaam
9 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nimefika salama. Kutoka Newala hadi Masasi tulishuka mlima taratibu kwa sababu ya ukungu, na Masasi nikalala kwa rafiki yangu Brigita kabla ya kupanda basi la Dar. Asante kwa ming'oko, vile viazi vya porini, na kwa korosho. Watu wa ofisini wamezimaliza kabla sijavua viatu.

Nimekuwa nikiianza barua hii na kuichana. Sasa naiandika ilivyo.

Nilikaa kwako siku zote zile na Mama Jumanne hakurudi. Nilipokuandikia kwenye simu kukuuliza ulisema msiba una mambo mengi. Nilipokwenda Chilangala kurekodi sikukuta msiba. Nilimkuta Mama Jumanne uani kwa dada yake anapura mbaazi. Nikamwamkia, akaitikia, akavitazama vile vifaa vyangu, akauliza ni vya nini. Nikamweleza kwamba nakusanya sauti za Chimakonde.

Akasema, "Unaitaka na yangu?"

Nikamwambia ndiyo, yake hasa.

"Basi kaa. Mjomba wako hakuitaka."

Mjomba, alizungumza mpaka dada yake akaingia ndani na kutuacha. Nilirudi kesho yake na keshokutwa, na kila nilipofika alikuwa ameshatandika jamvi. Wengine niliowarekodi walikuwa wanasema maneno mafupi kama wanaulizwa na polisi. Yeye alisema kama mtu aliyekuwa amefungwa mdomo.

Aliniambia aliondoka kwako kabla ya palizi. Kwa hiyo zile salamu ulizoniandikia mwezi wa pili hazikuwa zake. Nakuuliza kama mpwa wako, si kama hakimu: kwa nini hukuniambia?

Rahima

*

Mnyambe
2 Agosti 2024

Rahima,

Barua yako nimeipata. Mambo ya nyumba yangu nayajua mwenyewe.

Umemrekodi siku tatu. Mimi mumewe sijui neno hata moja alilosema. Wewe unasikia na una uwezo wa kuandika. Niandikie aliyosema, yote, kwa mkono, nitasoma. Mimi ndiye mjomba wako, ndugu wa mama yako tumbo moja, na katika mila yetu unajua hilo lina uzito gani. Nina haki.

Twahiru

*

Dar es Salaam
30 Agosti 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Najua uzito wake. Marehemu mama hakunilea nisiujue.

Sitakuandikia.

Nilipoanza kumrekodi nilimweleza kwamba sauti yake itatumika kuifundisha mashine, na kwamba hakuna atakayepewa maneno yake ayasome bila ruhusa yake. Hatukumwekea yeye peke yake masharti hayo, ndivyo tunavyofanya kazi. Nikamuuliza, "Na mjomba je?" Akacheka, akasema, "Huyo kwanza aulize." Alimaanisha umuulize yeye mwenyewe. Ukitaka kujua, Chilangala si mbali.

Nikupe habari za kazi, maana nazo si nzuri. Mwezi huu kampuni moja kubwa ya ng'ambo imetoa modeli yao mpya, wanasema inasikia lugha zaidi ya elfu moja, Chimakonde kikiwemo. Ofisini watu walipiga makofi. Nami nilifurahi, nikaichukua jioni ile ile nikaiwekea sauti ya mwanamke mmoja wa Mnyambe anayesema anakwenda kuloweka mihogo. Ikaandika kwamba mfalme ameingia mjini na makuhani wake. Nikajaribu sauti nyingine, ya mtu anayemgombeza mbuzi. Ikaandika habari za nabii jangwani. Nilipochunguza nikagundua kwamba Chimakonde walichoipa kilikuwa cha usomaji wa vitabu vya dini, msomaji mmoja, sauti nzuri, chumba kimya. Haijawahi kumsikia mtu akiulizia chumvi. Kwa hiyo kila inachokisikia inakipeleka huko inakokujua.

Nikampelekea Cyril majaribio yangu yote. Aliyatazama, na si mtu mbaya, mjomba, ila kachoka kama mimi. Akaniambia, "Rahima, kwenye karatasi za wafadhili Chimakonde tayari kimepata mashine. Siwezi kwenda kuwaomba tena." Halafu akasema kwamba upepo wa utafiti umegeuka. Sasa kila mtu anataka mashine zinazojibizana na watu, zinazoandika barua na kupanga kazi; kusikia tu kunaonekana ni jambo lililokwisha. Mradi wa lugha za mikoani umefungwa. Mimi nimehamishiwa kwenye mashine ya kujibu wateja wa benki.

Sauti za Chilangala sijazifuta. Wameniruhusu kuzifanyia kazi baada ya saa za ofisi kwa mashine ya zamani iliyokuwa imewekwa stoo. Ni ya polepole. Chimakonde changu nacho ni cha mtoto wa mjini, neno lisiponielea nampigia Mwalimu Josephina wa Chilangala, naye ananicheka kwanza ndipo ananieleza.

Usinikasirikie sana.

Rahima

*

Dar es Salaam
18 Novemba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Hujanijibu tangu mwezi wa nane. Jumanne ananiambia u mzima na uko kwenye kuokota korosho, basi nikashukuru. Nakuandikia hivyo hivyo.

Wiki iliyopita nilimaliza. Sijui kama neno ni kumaliza. Modeli ndogo imekaa ndani ya simu na inafanya kazi bila mtandao. Sikutumia ile kubwa kama ilivyo. Nilichukua masikio yake tu, tuseme hivyo, ule uzoefu wa kusikiliza sauti za watu wengi, nikaondoa makuhani na wafalme, nikaifundisha upya kwa sauti nilizorekodi huko. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya sauti ni ya mtu mmoja, mashine hii haijui Chimakonde cha watu wote. Nikiipa ya mzee wa Lulindi aliyechanganya na Chiyao, inaandika upuuzi. Kwa kipimo chetu cha kitaalamu ni kazi mbovu. Nilipomwonyesha Cyril alisema haiwezi kuchapishwa popote, maana inamsikia mtu mmoja tu. Nikamwambia, ndiyo, huyo ndiye niliyemkusudia. Akasema basi niandike hilo, kwamba watu waliojifungia nyumbani na lugha zao wanahitaji mashine inayomjua mtu wao mmoja. Labda kuna mwaka mtu atalisoma. Sina nguvu ya kuliandika sasa.

Inakosea bado. Maneno ya haraka inayameza. Akikohoa inaandika kitu.

Sasa sikiliza, na hapa ndipo utakasirika kweli. Simu nimeinunua na nimeituma. Sikuituma kwako. Nimempelekea Mama Jumanne, na Mwalimu Josephina amemwonyesha pa kubonyeza. Sauti iliyomo ni yake, na maneno ni yake. Akitaka kusema nawe, ataileta. Asipotaka, itabaki Chilangala.

Nimefikiri sana kabla ya kufanya hivyo. Nisamehe kama nimekosea adabu. Sikosei kuhusu jambo lenyewe.

Mpwa wako,
Rahima

*

Dar es Salaam
6 Januari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya. Najua barua zinafika, Halfani ameniambia unakuja kuzichukua mwenyewe na unazisomea pale pale dukani.

Huku sina jipya. Mashine ya benki inajibu wateja vizuri kuliko mimi ninavyowajibu ndugu zangu. Wiki nzima nimelala mapema na naamka nimechoka.

Sikuombi uniambie lolote. Andika hata habari za mbaazi.

Rahima

*

Mnyambe
12 Machi 2025

Mpwa wangu Rahima,

Marahaba, tena marahaba. Ramadhani kareem. Tunafunga, na jua mwaka huu linatusaidia kwa kujificha. Mikorosho iliyovunjwa na upepo wa Desemba nimeikata. Mtoto wa Jumanne ameanza kutembea, wamekuja wakaondoka, nyumba ikabaki na matope ya miguu midogo ukutani. Sijui alipandaje.

Nilikukasirikia. Niliisoma barua yako ya Novemba nikaikunja nikamwambia Halfani huyu mtoto ameharibiwa na shule. Halfani akajibu kitu, nami nikacheka kama kawaida yangu. Ndipo nikaona uso wake. Nilimwandikia kwenye kipande cha karatasi: umesema nini? Akaandika: nimekuambia mke wangu ameanza dawa za saratani. Nami nilikuwa nimecheka, Rahima. Hatukugombana. Alinitazama tu kama mtu aliyezoea.

Nilikaa na hilo muda mrefu. Nikafikiri, kama Halfani amezoea, huyo niliyelala naye nyumba moja miaka yote hii alizoea mara ngapi.

Umeniuliza kwa nini sikukuambia. Hata yeye sikumwambia kwamba sisikii. Masikio yalipoanza kufa nilianza kubahatisha. Akisema nilikuwa natazama uso, uso ukitabasamu natabasamu, ukikunja nasema "tutaona." Nilikuwa hodari, kwa muda. Halafu akawa anapiga kelele, nami namwambia asinipigie kelele, mimi si kiziwi. Majirani wakawa wanakuja kuamua ugomvi ambao haukuwepo. Siku aliyoondoka alisimama mlangoni na mzigo kichwani akaniambia neno. Nikamjibu, "Haya, wahi kurudi." Nilidhani anakwenda sokoni.

Niliondoka hapa mwishoni mwa Januari, nikaenda Chilangala. Ulisema nimuulize. Nilimkuta jikoni kwa dada yake. Alinitazama, akaingia ndani, nikajua nimefukuzwa. Akatoka na ile simu. Akatandika jamvi, akaiweka simu katikati kama anavyoweka sahani, akakaa, akabonyeza.

Akasema. Maneno yakaanza kutokea kwenye kioo, moja, moja, kwa lugha yetu. Sijawahi kuona Chimakonde kinaandikwa kikiwa bado kinatoka mdomoni. Nilisoma kwa sauti: "Mbuzi wa dada amekula nini?" Akatikisa kichwa. Si hivyo.

Zamani ningesema tutaona. Mpwa wangu, mdomo wangu ulishafunguka kusema hivyo. Nikasema, "Sikuelewa. Rudia."

Hakurudia. Dada yake akachungulia mlangoni na mwiko mkononi. Nikasema tena, na nilijua nasema kwa nguvu kwa sababu dada yake alishtuka, "Mimi sisikii, Mama Jumanne. Sikusikii kabisa. Sijui hata siku ile mlangoni uliniambia nini."

Akavuta simu karibu na mdomo. Akasema polepole. Ikaandika, na mara hii nilipoisoma kwa sauti aliitikia kwa kichwa kwamba ndivyo. Ilikuwa imeandika: "Nilikuambia sirudi mpaka uniulize nimesema nini."

Hayo mengine tuliyoambiana siku ile sitakuandikia. Umenifundisha mwenyewe kwamba maneno ya mtu yana mwenyewe.

Usidhani mambo yamekuwa kama zamani. Anakaa hapa, halafu anakwenda Chilangala, halafu anarudi. Dada yake ni mgonjwa wa miguu na hamwachi. Mashine yako inachosha. Inakosea, naye akikasirika inakosea zaidi, kwa sababu hakuifundisha akiwa na hasira. Betri inaisha tukiwa katikati ya jambo, na sola ya hapa siku za mawingu haina faida. Kuna siku tunaiacha ndani ya kabati na kukaa kimya kwa sababu wote wawili tumechoka kusoma na kurudia. Na mimi macho nayo yanakwenda. Tutafanya nini yakiisha sijui, na usiniambie kwamba kuna mashine ya hilo.

Mwambie huyo Cyril kwamba ipo inayofanya kazi, inamsikia mtu mmoja, na mtu huyo ana mengi ya kusema.

Umeandika kwamba unalala mapema na kuamka umechoka. Sikukuuliza kuhusu wewe hata mara moja katika barua zote hizi. Nakuuliza sasa: una nini, Rahima? Jibu kwa urefu. Mimi kusoma naweza.

Mama Jumanne anakusalimu, na mara hii ni yeye. Nimekaa jamvini naandika haya, naye kasimama nyuma yangu anasema nisichokijua. Nimeinua simu nione amesema nini. Tangu tuanze hakuna sentensi iliyotoka nzima bila kosa hata herufi moja. Hii imetoka nzima. Nimeisoma, nikaisoma tena, mpaka amenisukuma bega. Inasema:

"Sogea, umekalia kanga yangu."

Mjomba wako,
Twahiru